Damu ya Wazima

Chuo kile cha madaktari kina milango miwili. Mlango mkuu una bustani, kivuli njia nzima, na mlinzi anayekuamkia hata kama hakujui. Mlango wa nyuma unapitia kwa wafuaji wa mashuka ya hospitali, ambako mvuke unakupiga usoni na maji ya sabuni yanakurukia miguuni. Mtu mwenye akili zake anapita mlango mkuu. Sindano alikuwa na akili zake, tena nyingi, lakini msimu mzima alipita kwa wafuaji, huku akiruka madimbwi kama mbuzi, na yote hayo kwa ajili ya bango.

Bango lilisimamishwa mlango mkuu, kubwa kama ukuta wa nyumba, na aliyejaa humo alikuwa wifi yake. Wifi mtu! Kavaa koti jeupe, kashika kijiti kidogo cha kupimia, anatabasamu na mwanya wake. Chini yake pameandikwa kwamba chuo kimevumbua kipimo cha figo kinachomjua mgonjwa kabla mgonjwa hajajijua. Tone moja la damu, kijiti kikigeuka chekundu, basi figo zimeanza kuharibika, hata kama mwenyewe bado anacheza ngoma. Vipimo vya damu vya zamani vilikuwa vinasubiri nusu ya figo ife ndipo viseme.

Jina la Sindano alipewa na wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kutoa damu, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Mtoto anafumba macho na kuuliza, "Bado?" naye anamjibu, "Nimeshamaliza, baba, shuka kitini." Watu walikuwa wanapanga foleni ndefu kwake na kuacha dirisha la jirani tupu. Kwa hiyo usidhani ni mtu asiye na chake. Anacho. Ila hakikuwekwa kwenye bango.

Na wifi yake huyo, dada mdogo wa mumewe, Sindano alimkuta akiwa binti mwenye magoti ya vumbi alipoolewa katika nyumba ile. Yeye ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. Nyumbani walimwita Profesa tangu utotoni, maana aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Siku ya kwanza Profesa kuona damu ikiingia kwenye chupa, alianguka chini puu, na Sindano ndiye aliyempepea kwa jalada la daftari. Leo huyo huyo yuko bangoni.

Jamani, sitaki kumpamba. Sindano alikuwa na kijiba cha roho, na kilimkaa.

Kilichomuuma hasa ni siku ya kutangaza. Ukumbi ulijaa, wakubwa wakaketi mbele, Profesa akapanda jukwaani kushukuru. Akamshukuru mkuu wa chuo. Akawashukuru wenzake wa maabara. Akaushukuru hata mtambo wa umeme wa akiba, kwamba jenereta lisingekuwepo, utafiti ule ungeozea kwenye jokofu. Jenereta likapigiwa makofi! Sindano alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, na hakuna tone hata moja la utafiti ule ambalo halikupita kwenye sindano yake. Akangoja. Profesa akasema, "Na wengine wote ambao sikuwataja." Sindano akatoka nje kabla ya soda.

Nyumbani ndiko hakukukalika kabisa. Mama mkwe, aliyeishi nao, alikata picha ya binti yake gazetini akawa analala nayo chini ya mto. Mume, ambaye alikuwa fundi wa majokofu pale pale chuoni, akaitengenezea picha nyingine fremu, akaitundika sebuleni. Msumari ulikuwa mmoja. Picha ya harusi ikahamia koridoni.

"Ni kwa muda tu, mke wangu," alisema.

"Kwa muda? Harusi yangu imekaa na mita ya umeme!"

"Sasa umenuna. Umenuna mpaka miguu imevimba."

Kweli viatu vyake vya kazini vilikuwa vinambana kila jioni. Alimlaumu fundi viatu aliyevishona upya, akaanza kwenda kazini na sendo. Ugomvi mwingine ukawa wa chooni. Kila asubuhi alikuta povu, akatoka na maneno: nani kwenye nyumba hii anamwaga sabuni chooni bila kusafisha? Mume akala yamini kwamba si yeye. Mama mkwe akasema mtu akishaamua kugombana hata povu linamtosha.

Sasa nikueleze jambo la maabara, maana ndipo hadithi ilipo. Huwezi kujua damu ya mgonjwa bila kuwa na damu ya mzima ya kulinganisha nayo. Na wazima wanapatikana wapi? Mtu mzima haji hospitali. Kwa hiyo pale chuoni palikuwa na desturi ya miaka: ikihitajika damu ya wazima, wafanyakazi wenyewe wanakunja mikono ya mashati. Mfagiaji, karani, mpishi wa bweni, yeyote aliyepita karibu. Chupa haiandikwi jina, inaandikwa namba tu, ili siri ya mtu isitembee. Sindano ndiye aliyekuwa akiwakusanya na kuwatoa damu, na ikipungua chupa moja alijitoa mwenyewe, mkono wa kushoto, bila hata kukaa. Miaka yote alikuwa mzima wa kulinganishia. Alijivunia hilo. Na namba alijichagulia saba kila mara, kwa kuwa alizaliwa wa saba.

Kabla kipimo hakijaruhusiwa kwenda hospitali nyingine, kamati ya chuo ilitaka kijaribiwe tena mbele ya macho yao. Sharti lilikuwa rahisi kusema: kiwapate wagonjwa, na kisimwite mzima mgonjwa. Profesa akaomba damu ya wazima, Sindano akamletea na maneno hakumpa. Jioni Profesa akapita chumba cha damu, uso umesawijika.

"Wifi, wale wazima wako walikuwa wazima kweli?"

"Wazima kama chuma. Kwani?"

"Chupa namba saba, kijiti chake kimekuwa chekundu."

Sindano akageukia kabati akajifanya anapanga pamba. Alikuwa anacheka. Namba saba ni yeye, na yeye alipimwa mwanzoni mwa mwaka pamoja na wafanyakazi wote, kwa kile kipimo cha zamani, akaambiwa hana hata chembe ya ugonjwa. Kumbe kipimo kizima cha bangoni ni cha uongo! Miaka ya kusoma, makofi, jenereta, vyote bure! Mpanda ngazi hushuka, alijisemea, na jioni ile aliimba akiosha vyombo mpaka mama mkwe akauliza kama kuna posa.

Angeishia hapo, ningemsamehe. Hakuishia. Profesa aliomba wazima wapya kabisa, wasiwe wale wa kwanza. Mfagiaji mmoja alipoona sindano akaaga kwamba anakwenda kunywa maji, na hakurudi. Namba yake ikabaki wazi. Sindano akaangalia mlango, akakunja mkono wa gauni. Kijiti cha chupa ile nacho kikawa chekundu. Wakarudia mara ya tatu, na safari hii hakungoja mtu akimbie. Alijiweka katikati ya foleni kwa makusudi, kwa namba ya mtu aliyemwambia hahitajiki tena. Chekundu. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mkali wa upasuaji, akasema mbele za watu kwamba kipimo kinachomzushia mtu mzima ugonjwa hakina tofauti na tapeli wa sokoni, na kwamba wakirudia tena likatokea lile lile, bango litashuka. Habari hiyo ilipofika chumba cha damu, Sindano aliagiza chai ya watu wote kwa fedha yake.

Siku moja alasiri Profesa akaja nyumbani kumwona mama yake. Mama alikuwa amelala. Akaingia jikoni, akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu bila kuombwa.

"Wifi, nimekwisha."

"Umekwishaje, na wewe umejaa lango zima?"

Profesa akamenya kitunguu, akakiweka, akachukua kingine.

"Unajua kinachoninyima usingizi? Si kamati. Wanishushe tu, nitafundisha. Ninafikiri labda kipimo hakisemi uongo."

"Wanasema kinazushia watu wazima."

"Na kama si wazima? Na kama kuna mtu mule chuoni anatembea, anacheka, anakula na sisi, na figo zinakwisha? Siruhusiwi kumjua. Nina namba tu. Yupo kwenye kundi la kwanza, yupo la pili, yupo la tatu, kila mara mmoja. Watakuwa watatu, masikini. Hivi sasa viatu vimeanza kuwabana jioni. Uso umevimba wakiamka, wanadhani ni usingizi. Mkojo una povu kama sabuni. Wifi, naomba Mungu kipimo changu kiwe cha uongo. Kikiwa cha kweli, watu hao nimewaua kwa kukaa kimya."

Sindano alikuwa amesimama mbele ya jiko. Akaangalia chini. Sendo zilikuwa zimemchora mistari miguuni, mistari ya kuzama.

"Vitunguu hivyo vinatosha," alisema.

Asubuhi alifika kazini kabla ya wenzake. Vijiti vya kupimia mkojo anavijua, havihitaji usomi. Akachovya kimoja, akasubiri, kikaiva kijani cha kutisha, rangi ya figo zinazovuja. Akasema boksi hili limeisha muda wake. Akafungua boksi jipya mbele ya macho yake mwenyewe. Kijani kile kile. Basi akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile anachowaambia watoto washuke, akajishika mkono wa kushoto kana kwamba anatafuta mshipa.

Na hapa ndipo roho ya binadamu inapochekesha. Unadhani alilia? Alipanga. Alifikiri: nitakwenda kimya kimya kwa daktari wa figo, nitatibiwa, nani atajua? Chupa hazina jina. Mimi nitapona na bango litashuka. Vyote viwili. Alipoona jinsi mpango ulivyokaa vizuri aliona aibu kidogo, lakini kidogo tu, haikumzuia kwenda.

Benchi la kliniki ya figo lilikuwa refu na limejaa. Mwanaume aliyevimba uso mpaka macho yamekuwa mistari alijisogeza kumpa nafasi.

"Umemsindikiza nani, dada?" aliuliza.

Sindano akamwonyesha mlango kwa kidevu, kama vile mgonjwa wake yuko ndani. Mwanaume akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mwambie asikate tamaa. Mimi ningekuja mapema wangenipa vidonge tu. Sasa ni mashine ya kusafisha damu, na mashine haina nafasi."

Daktari wa figo alimpima, akampeleka wakamnyofoa kipande kidogo cha figo, wakakitazama kwa darubini. Alipoitwa tena daktari alikuwa anatabasamu, jambo ambalo wagonjwa wa chumba kile hawalizoei.

"Ugonjwa umeanza, mama, sikufichi. Lakini umewahi. Umewahi mno! Sijapata kumwona mtu anayeingia hapa kwa miguu yake mapema hivi. Vidonge vitatosha. Hebu niambie, nani aliyekugundua?"

Sindano akashusha mkono wa gauni.

"Nimejihisi," alisema.

"Hapana. Huu hauhisiwi. Anayehisi huwa amechelewa."

Akatoka na dawa zake kwenye mfuko wa karatasi. Yule mwanaume alikuwa bado benchini. Alimwinulia mkono na kuuliza, "Mgonjwa wako vipi?" Sindano akasema anaendelea vizuri, akapita upesi. Njia nzima swali la daktari lilikuwa likimfuata, na kila alipojaribu kulijibu ilimtokea sura yenye mwanya. Angalau ingekuwa mtu mwingine! Mchina, Mzungu, hata yule jirani wa dirishani asiyejua kushika mshipa! Dunia nzima ina watu, halafu aje kumwokoa huyu!

Siku ya kamati alitumwa yeye kutoa damu, mbele yao, ili pasiwe na kisingizio. Wafanyakazi walipangwa ukutani. Profesa alikaa pembeni na mikono mapajani, kakonda. Mwenyekiti akasema, "Anza, mama." Sindano akachukua sindano, akaiweka. Akachukua tena. Wangetoka wote wazima safari hii, kipimo kingepita, na siri yake ingelala. Hilo nalo alilifikiria. Lakini zile chupa tatu zingebaki zikimsuta Profesa maisha yake yote, na watu watatu ambao hawapo angewalilia kila asubuhi. Hapo nusu ya moyo wake ilisema, mwache alie. Nusu nyingine ikaanza kusema kwa sauti.

"Namba saba ni mimi."

"Unasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Namba saba ya kwanza ni mimi. Na ile nyekundu ya pili ni mimi. Na ya tatu. Hakuna watu watatu, kuna mimi. Na kipimo si cha uongo. Nimetoka kwa daktari wa figo, barua hii hapa."

"Mama, unaelewa ulichokifanya?"

"Naelewa, mzee. Nisingekuwa naelewa nisingejificha."

Walimwadhibu, na walikuwa na haki. Walimtoa chumba cha damu, wakamweka mapokezi kuelekeza watu choo kiko wapi, mpaka hapo watakapoamua vingine. Dirisha lake likafungwa. Foleni yake ikahamia kwa jirani, na watoto wakaanza kulia mpaka kelele zikamfikia huko aliko. Kipimo kikapita. Makofi yakapigwa tena.

Profesa alimkuta kwenye ngazi za nje, mfuko wa dawa mapajani. Akakaa ngazi ile ile, lakini si karibu.

"Mara ya kwanza ilikuwa desturi, naelewa," alisema. "Ya pili na ya tatu je, wifi? Kwa nini?"

"Nilitaka uanguke."

"Kwa kosa gani?"

"Jenereta."

Profesa alikunja uso, kisha akakumbuka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Watu walikuwa wanapita, wengine wanampongeza.

"Nilikosea, wifi," alisema mwishowe. "Nilimshukuru kila ambaye ningeweza kumsahau. Wewe sikufikiri kama ungesahaulika. Lakini ngoja nikuambie kitu. Ile chupa ya kwanza, unajua niliifanyaje?"

"Uliifanyaje?"

"Niliimwaga kwenye sinki. Chupa moja ikikataa ni chupa mbovu, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Wazima wapya wangetoka safi, ningeisahau. Ungeishia pale, ningeendelea na bango langu, na wewe na sendo zako, mpaka siku ungeletwa umebebwa. Ni hizo ya pili na ya tatu zilizonifanya niseme hawa ni watu, wapo, nawaua."

Hata ubaya wa Sindano, alioupika mwenyewe kwa mkono wake, umeishia kuwa sifa ya wifi yake! Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, na Profesa akasogea, akamshika ule mkono wa kushoto, pale penye alama za sindano.

"Umejitoboa sana," Profesa alisema.

"Mwenye mkono mwepesi ni mimi. Usinibinye."

Picha ya harusi imerudi sebuleni. Mume alinunua msumari wa pili, jambo ambalo lingeweza kufanyika tangu mwanzo, lakini wanaume ndivyo walivyo. Dawa zimemkubali Sindano. Povu limekwisha, na mama mkwe anasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba haikuwa sabuni. Wiki ile viatu vya kazini vilipomwingia tena, alipita mlango mkuu, maana kwa wafuaji vingeloa. Alisimama chini ya bango, akaliangalia kuanzia viatu mpaka nywele, nywele ambazo yeye ndiye aliyezifundisha kusukwa mpaka zikakubali. Akasonya, msonyo mrefu.

Mlinzi akashtuka. "Mama, unamsonya nani?"

"Wifi yangu."

"Si ndiye aliyekuokoa?"

"Ndiye huyo huyo," alisema Sindano, akatengeneza mkoba begani. "Ulitaka nimsonye nani mwingine?"

Akaingia kazini.